Panya wa Mchana Kweupe

Guasa, Tikimt 18

Baba Tirsit,

Mbwa wako amefika. Tefera dereva amemshusha pale barabarani akiwa na kamba shingoni na vumbi la safari nzima mgongoni, pamoja na salamu zako kwamba sasa nitalala usingizi. Haya, nimeshukuru. Si wewe uliyekuwa ukijigamba kwa mafundi wenzako huko kwamba mwanamke wa Menz haogopi kitu? Mbona sasa unamletea mlinzi?

Ila nisiwe mnafiki. Tangu uondoke fisi wanakuja mpaka ukutani, na upepo wa huku unaujua unavyogonga mlango, utadhani kuna mtu. Naogopa, Shibeshi. Sikutaka kukuandikia hayo, lakini najua binti yako alishamtuma Tefera akusimulie kila kitu. Basi mbwa abaki. Tirsit amempa jina la Buchi, na mkate wake wa injera anaukata katikati ili wale wote wawili.

Tatizo ni Gashe Demise. Ameshapita hapa. Unajua alivyo tangu wamchague kuwa Aba Kera, mkuu wa nyasi: mtu akikohoa tu karibu na nyasi za Guasa, yeye ameshafika kuuliza anakohoa kwa ruhusa ya nani. Alimtazama mbwa, akayatazama mawe ya mpaka yalivyo karibu na nyumba yetu, akasema bila hata kuketi, "Mbwa huyu akivuka yale mawe, wewe huna fungu la nyasi." Nilimwambia amefungwa. Akajibu kwamba kamba ni kamba tu, akaenda zake.

Na paa letu la nyasi unalijua. Nyasi zimefungwa zisikatwe miaka yote hii, zinafunguliwa mwezi wa Yekatit, na tukikosa fungu mwaka huu mvua kubwa itatukuta tumelala nje tukiwa ndani. Nimemfunga Buchi kwa kamba ya ng'ombe.

Mkeo,
Wubit

*

Debre Birhani, Hidar 5

Mama Tirsit,

Mwambie Gashe Demise huyo si mbwa wa kuokotwa. Nimempata kwa mke wa polisi mmoja hapa mjini, mbwa wa nyumbani, mwenye heshima zake, pengine kuliko Gashe mwenyewe. Hilo la mwisho usimwambie.

Lakini kuhusu mawe ana haki. Misimu ile niliyokuwa mlinzi wa nyasi, mimi mwenyewe nilikuwa nawafukuza mbwa wa wachungaji kwa fimbo, maana mbwa na wale mbweha wekundu wa Guasa hawakai mahali pamoja. Mwache Buchi abweke tu hapo mlangoni. Kazi yake ni kelele, na wewe utampenda, mtaelewana.

Kazi ipo. Tunajenga ukuta wa ghala, mawe ni mazuri, msimamizi ni mbaya. Mchuzi wa shiro wa mjini ni maji yaliyopakwa rangi. Nakuja Yekatit na mundu wangu, tukate nyasi, niezeke nyumba, nile chakula cha mtu anayenipenda.

Mumeo,
Shibeshi

*

Guasa, Tahsas 9

Baba Tirsit,

Naandika haraka, Tefera anapiga honi.

Mbwa amepotea. Amekata kamba akaenda, na hatujamwona tena. Usinitumie mwingine. Gashe Demise nimemwambia nilimpandisha lori akarudi kwako, kwa hiyo akimtuma mtu kukuuliza, sema umempokea. Tafadhali usije ukateleza.

Sisi wazima. Tirsit ana kidonda kidogo kisiginoni, ni mwiba, nampeleka kila asubuhi kwenye maji matakatifu ya kanisa la Kidane Mihret. Nimeweka nadhiri, kwa hiyo usitume dawa yoyote ya mjini. Unajua vitu hivyo viwili havichanganywi.

Wubit

*

Debre Birhani, Tahsas 25

Mama Tirsit,

Mwiba gani huo wa kuwekewa nadhiri? Mimi nimechomwa na miiba utoto wangu wote, na mama yangu aliitoa kwa sindano ya kushonea, na kofi juu yake kwa sababu nililia. Unamdekeza mtoto.

Na huyo mbwa, sema tu ukweli kwamba ulimfungulia. Ulimwogopa Gashe Demise kuliko fisi. Sijakasirika. Mtu akiniuliza, nitasema nimempokea na amenenepa.

Ila niambie kitu kimoja. Siku alipoondoka alikuwa mzima? Alikuwa anakula na kunywa kama kawaida? Nauliza tu.

Shibeshi

*

Guasa, Yekatit 2

Baba Tirsit,

Usije na mundu. Hakuna cha kukata.

Juzi wanawake tulikwenda na Gashe Demise kuzitazama nyasi kabla ya kufunguliwa. Kwa mbali zimesimama vizuri, ndefu, zinapendeza macho. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kushika fungu nikavuta, likanijia lote mkononi. Chini hakuna kitu. Mashina yameguguniwa kote, yamekatwa juu ya mizizi, na mahali pengine hata mizizi imechimbuliwa. Tukavuta hapa, tukavuta pale, ni hivyohivyo. Ukipita katikati, nyasi zinalala nyuma yako.

Ni panya. Tumekuwa na panya siku zote, lakini si hawa. Hawa wako nje mchana kweupe, wamekaa juu ya vichuguu vyao wanatafuna, wanakutazama. Zamani ukiona panya unaona mkia tu unaingia shimoni. Etagenyi aliwarushia mawe, wakasogea kidogo wakaendelea kula. Yule mama unamjua hana woga, lakini alirudi nyuma akanishika mkono. Shayiri ya watu wa bondeni nayo imeanza kuliwa.

Watu wanasema ni laana, kwamba kuna mtu amevunja sheria ya nyasi akanyamaza. Gashe Demise ametangaza afersata kanisani. Kijiji kizima kitaketi uwanjani, kila mtu ataapa, na hakuna atakayeinuka mpaka mkosaji ajulikane. Tangu leo hakuna ruhusa ya kuondoka. Anayeondoka kabla ya kikao amejihukumu mwenyewe, na unakumbuka babu zetu walichokifanya kwa watu kama hao. Walichoma nyumba.

Naogopa sana, Shibeshi. Usiniulize kwa nini.

Wubit

*

Debre Birhani, Yekatit 8

Wubit,

Nakuuliza.

Kwanza acha habari za laana. Nimekaa kwenye nyasi zile mvua na jua, najua kitu kimoja: panya hamwogopi binadamu, anamwogopa mbweha. Yule mbweha mwekundu akiwepo anapita asubuhi, anapita adhuhuri, anasimama juu ya shimo bila kutikisika mpaka mtu unachoka kumtazama. Basi panya anakula majani ya mlangoni kwake, mdomo mmoja, anarudi ndani. Hana muda wa kufika kwenye shina. Hofu yake ndiyo inayoziacha nyasi zikue. Kama panya wamekaa nje mchana wanashiba, maana yake hakuna anayewatisha.

Kwa hiyo niambie, mbweha wako wapi? Muulize Abebaw mlinzi, anatembea huko kila siku.

Pili, Buchi alikimbilia upande gani?

Tatu, kaa uutazame tena ule mwiba wa Tirsit, kisha unijibu kama mke wangu. Yule mbwa alimuuma mtu?

Tefera anageuza siku hiyohiyo. Mpe jibu kabla hajamaliza chai yake.

Shibeshi

*

Guasa, Yekatit 12

Baba Tirsit,

Nimemuuliza Abebaw. Hakutaka kusema, nikamwambia ni wewe unayeuliza. Anasema tangu mwezi wa Tir amewakuta wamekufa kando ya kijito, mmoja huku, mwingine kule, na mama mmoja na watoto wake mlangoni pa pango. Wa mwisho alimkuta yu hai. Alikuwa anazunguka mahali pamoja, anauma mawe mpaka meno yametoka, mate yanamtiririka. Alipomwona Abebaw hakukimbia, alimfuata. Abebaw alipanda mwamba akakaa juu mpaka mnyama alipoanguka. Hajamwambia Gashe Demise kwa sababu mlinzi ndiye atakayeulizwa mbweha walikufaje.

Buchi alikimbilia kwenye nyasi.

Hakumuuma mtu. Nimekujibu. Tirsit ni mzima, anakula, anacheza, kidonda kimefunga. Nadhiri yangu bado haijaisha. Usiniulize tena, nakuomba kwa jina la Kidane Mihret.

Wubit

*

Debre Birhani, Yekatit 15

Wubit,

Nimeisoma barua yako nimesimama barabarani, na naijibu hapahapa juu ya boneti la lori.

Nilikudanganya. Hakuna mke wa polisi. Yule mbwa nilimwokota machinjioni, alikuwa mmoja wa lile kundi linalongojea matumbo nyuma ya ukuta. Alinifuata mpaka kazini, nikamwonea huruma, nikaona nimepata zawadi ya bure. Mwishoni mwa Hidar kijana mmoja wa machinjioni, jirani yangu wa chumba, alikufa. Mbwa wa kundi lilelile alimuuma mkono wakati wa mvua, yeye akapaka jivu akasahau. Nilikuwa mmoja wa waliomshika. Alikuwa na kiu, na tulipomletea kikombe alipiga kelele kama tumemletea moto. Sitakuandikia zaidi ya hapo. Wanaita kichaa cha mbwa, na kikishaanza hakuna daktari wala kasisi.

Nilijiambia mbwa wetu ni mzima, wa kwetu ni tofauti. Uliponiandikia amepotea, nikauliza alikuwa anakunywa maji. Hukunijibu, na mimi nikaona heri nisijue. Nimekaa na hilo moyoni tangu Tahsas, nakula, nalala. Mimi ni mjinga na mwoga.

Kama hakumuuma, chana barua hii unicheke. Kama alimuuma, basi kichaa bado hakijaanza, na kabla hakijaanza kuna sindano Addis Ababa. Endelea na maji matakatifu, sitakukataza. Lakini Mungu hana wivu na daktari, Wubit. Panda lori hilihili. Najua afersata, najua watakavyosema ukiondoka, waache waseme. Nitakaa kando ya barabara hapa mpaka Tefera arudi. Kama hamtakuwa kwenye lori nitapanda mimi, lakini tutakuwa tumepoteza safari nzima, na sijui tumebaki na safari ngapi.

Mlete mtoto wangu.

Shibeshi

*

Addis Ababa, Yekatit 24

Baba Tirsit,

Tangu utuache hapa na kupanda kwenda Guasa sijapata usingizi, kwa hiyo nikuandikie yale niliyoshindwa kuyasema kwenye lori.

Buchi alikuwa ameacha kula. Tirsit akampelekea nusu ya injera yake, akaiweka mbele yake, akageuka kuja kwangu. Alimuuma kisigino bila kubweka. Kisha akavuta kamba mpaka ikakatika, akaruka yale mawe, nikamwona anapotelea kwenye nyasi akishuka kijitoni. Nikasimama mlangoni na mtoto mikononi, damu inalowesha gauni langu, na kitu cha kwanza nilichofikiri ni fungu la nyasi. Si mtoto. Nilifikiri mbwa amevuka, kuna aliyeona? Nikatazama huku na huku kwanza, ndipo nikamtazama Tirsit. Hilo nitalibeba mpaka kaburini.

Kwa hiyo nikasema mwiba. Nikamwambia na yeye aseme mwiba, na mtoto wako ni mtiifu, alisema mwiba hata kwa kasisi.

Wanamchoma sindano tumboni kila siku. Siku ya kwanza walimshika watu watatu. Sasa anakwenda mwenyewe, anafumba macho, anashika kidole changu. Daktari alinifokea mbele ya watu, na ana haki. Mwisho akapunguza sauti akasema kisigino kiko mbali na kichwa, na ugonjwa unapanda polepole, na pengine tumewahi. Nikamuuliza pengine maana yake nini. Akasema tumalize sindano, kisha tungoje. Wewe unajua kungoja huku kulivyo? Akijikuna kisigino, naruka kukitazama. Akisema koo limekauka, nakimbilia maji nimwone akinywa. Jana alikataa maziwa, nikatoka nje nikajiegemeza ukutani mpaka mama mmoja akaja kuniuliza nimefiwa na nani. Kumbe maziwa yalikuwa na harufu ya moshi, mwenyewe akacheka alipoyanywa baadaye na sukari.

Sasa nakuomba jambo moja. Usisimame kwenye afersata. Wamekasirika, hawana nyasi, mvua inakuja, wanataka mtu. Apa kama wengine wanavyoapa, Mungu atatusamehe baadaye. Nikikupoteza wewe huko na huyu hapa, nirudi kwa nani?

Wubit wako

*

Guasa, Megabit 4

Mama Tirsit,

Barua yako Tefera aliniletea uwanjani. Umeniomba nisisimame, na mimi nilikuwa nimeshasimama.

Afersata ilianza jua lilipochomoza. Tulikaa chini wote kwenye ule upepo, hakuna kula, hakuna kwenda nyumbani, wazee wanapita safu kwa safu na kila mtu anaapa. Walipofika karibu yangu watu wakasogea wakaniacha katikati peke yangu, maana walijua umeondoka. Niliogopa, Wubit. Nikalishika shuka langu la gabi kwa mikono yote miwili. Nikasimama hivyohivyo. Nikawaambia habari ya machinjio, na mbwa, na mawe ya mpaka, na kisigino cha Tirsit. Nikasema mbweha wamekufa kwa ugonjwa wa mbwa wangu, na panya wamekula nyasi kwa sababu hawana tena wa kumwogopa. Nikasema kama kuna nyumba ya kuchomwa ni yetu, ila paa limeoza, sidhani kama litawaka. Hakuna aliyecheka.

Nilitegemea kupigwa mawe. Badala yake hakuna aliyekuwa akinitazama mimi, na hilo likanitisha kuliko kelele. Kila mmoja alikuwa anatazama chini. Hapo sijui nini kilinijia, nikasema, "Kama kuna mtoto mwingine aliyeumwa, na mbwa au na mbweha, asemwe sasa. Sindano ipo. Wangu anachomwa leo hii."

Mke wa Abebaw alisimama kwanza. Mwanawe aliumwa na mbweha mwezi wa Tir, akichunga kondoo ndani ya nyasi zilizofungwa. Walificha, kwa sababu angesema ameumwa wapi? Kisha akasimama baba mwingine, wa upande wa kanisa, habari ileile. Wote walikuwa ndani ya mawe ya mpaka, Wubit, wote waliogopa kunyimwa fungu la nyasi kama wewe.

Kisha Etagenyi akasimama. Sisi tulimzika mwanawe wiki iliyopita, na alituambia ni homa ya bondeni. Akasema haikuwa homa. Akasema mtoto alikuwa akilia kiu, na yeye alijua aliumwa wapi na alijua kwa nini alinyamaza. Akaketi akajifunika mtandio wake wa netela usoni. Hakuna aliyemgusa kwa muda, hatukujua tumguse vipi. Ningefika siku chache kabla nikayasema haya, pengine. Sitaki kuliandika zaidi.

Wa mwisho alikuwa Gashe Demise. Alikuwa amesimama tayari, maana yeye ndiye anayeendesha kikao, kwa hiyo yeye aliketi. Aliweka fimbo yake chini akaketi katikati yetu kama mtu anayeshtakiwa, akasema, "Lakew, mjukuu wangu. Alikuwa mle ndani na kondoo wangu. Nilimtuma mimi."

Nyumba yetu haijachomwa. Nyasi hazitafunguliwa mwaka huu wala mwakani, zitakaa zimefungwa mpaka zitakapopata mizizi, na watu wamekubaliana yatakayofanyika kwa mbwa wote wa kijiji. Abebaw anasema ameona nyayo za mbweha ng'ambo ya kilele. Sijui, alitamani sana kuziona. Panya bado wako nje mchana. Mvua itatunyeshea sote, tutafunika kwa ngozi na chochote tutakachopata, na hakuna atakayemcheka jirani yake.

Tefera anashuka kesho na watoto watatu. Etagenyi amesema atawasindikiza yeye, kwa sababu hana mtoto wa kubaki naye nyumbani. Mpokee, mpe chakula, usimuulize kitu. Lakew ndiye mdogo kuliko wote. Alipoona naandika barua hii alikuja akasimama karibu yangu, akaniuliza kama sindano inauma. Nilimwambia mimi sijui, Tirsit ndiye anayejua. Mwambie Tirsit amweleze ukweli.

Shibeshi